Siku nane na honi isiyo na jina

Siku ya kwanza, Jumapili. Mainz

Nimefika Mainz kabla ya saa nne asubuhi, sanduku la honi mgongoni. Mpwa wangu, anayesoma Leipzig, alikuwa ananisubiri kituoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Akacheka, akanipokea begi la nguo. Honi sikumpa. Kutoka Moshi mpaka hapa haijatoka mikononi mwangu, na ndani ya ndege nilimsihi mhudumu hadi akaitafutia nafasi juu ya viti.

Niieleze kwanza kwa asiyewahi kuiona. Honi ninayoisema ni ala ya kupuliza, bomba refu la shaba lililojiviringisha kama chatu aliyelala. Domo lake pana hutazama nyuma, na mpigaji huingiza mkono wa kulia ndani ya domo hilo huku vidole vya kushoto vikibonyeza vali, vizibo vinavyogeuza njia ya hewa. Watu wengi huiita honi ya Kifaransa. Yetu ilikuja kanisani miaka ya tisini ndani ya kreti, zawadi ya usharika rafiki wa Ujerumani, pamoja na matarumbeta na matromboni. Kwetu Kilimanjaro matarumbeta ya kanisani yaliletwa na wamisionari wa Kijerumani, na mpaka leo kwaya ya namna hiyo ndiyo inayotangulia kwenye maziko na kwenye Pasaka alfajiri. Miaka zaidi ya ishirini mimi ndiye ninayezikarabati ala hizo. Tarumbeta zote zina jina la aliyezitengeneza. Honi haina. Nimeitafuta kila upande, chini ya vali, kwenye ukingo wa domo, ndani ya sanduku. Hakuna hata herufi moja.

Mwaka juzi vali ya tatu ilianza kukwama. Tukaipeleka kwa karakana moja mjini, nao wakaisugua kwa unga mkali wa kusagia mpaka ikalegea. Inazunguka vizuri sasa, ila hewa inavuja, na noti za chini zinatoka na mvumo kama kettle inayokaribia kuchemka. Niliumia sana. Ndipo usharika rafiki uliponialika, nikaamua kwamba honi nayo itasafiri. Nataka ipone, na nataka kujua ni mtoto wa nani.

Duka la Gebrüder Alexander liko mwendo mfupi tu kutoka kituoni. Leo Jumapili limefungwa, nasi tulijua, lakini tulikwenda kusimama mbele yake. Nyumba hii ilianzishwa mwaka 1782. Honi yao inayoitwa 103 ni ya mwaka 1909 na inatengenezwa hadi leo. Wapiga honi wa orkestra ya Berlin Philharmonic wameipenda kwa vizazi. Mpwa wangu alitafuta picha ya 103 kwenye simu, nami nikafungua sanduku palepale kando ya barabara, tukalinganisha mrija kwa mrija.

"Haifanani, mjomba. Hii vali ya kidole gumba ipo mahali pengine kabisa."

Kweli. Si mtoto wa Mainz.

Siku ya pili, Jumatatu. Ndani ya treni

Treni ya kwenda mashariki. Baada ya Eisenach tulipita Wutha-Farnroda, mji mdogo ambao ukisinzia unaupita. Nilikaa macho makusudi, kwa sababu honi zenye jina la Kruspe siku hizi zinatoka huko. Zamani karakana ya Kruspe ilikuwa Erfurt, mbele kidogo kwenye njia hiyohiyo.

Kisa cha Kruspe ndicho mzizi wa mambo mengi, kwa hiyo nakiandika taratibu. Honi ya F (herufi hiyo ni noti yake ya msingi) ina bomba la mita 3.7 hivi. Sauti yake ni nene, ya moshi na msitu, lakini huko juu noti zake zimebanana kama nyumba za Kariakoo: midomo ikikosea kidogo tu, umeingia kwa jirani. Honi ya B flati ina mita 2.7 hivi. Juu ni salama zaidi, ila sauti haina ule unene. Wapigaji walitaka zote mbili. Mwaka 1897 Fritz Kruspe wa Erfurt, akishirikiana na Edmund Gumpert, mpiga honi wa orkestra ya mtawala wa Meiningen, alitoa honi yenye pande zote mbili ndani ya chombo kimoja. Kidole gumba kinabonyeza vali moja ya ziada, hewa inahama kutoka bomba refu kwenda fupi. Hiyo ndiyo honi pacha, na karibu kila honi ya orkestra unayoiona leo ni mjukuu wake.

Tazama alivyoanza, lakini. Wazo lilihitaji mpigaji na fundi kwa pamoja. Gumpert alijua midomo inashindwa wapi. Kruspe alijua bomba linaweza kupita wapi. Na mara tu honi ile ilipopigwa hadharani kila fundi aliweza kuiona, maana honi haina siri: mabomba yake yote yako nje. Unahesabu mikunjo, unapima kwa bikari, unakwenda nyumbani. Miaka kumi na miwili baadaye Mainz ilikuwa na 103, yenye wazo lilelile la pande mbili lakini na njia yake yenyewe ya hewa.

Tumeingia Leipzig jioni. Mpwa wangu kapika ugali na mchicha. Unga ameupata kwenye duka la Waafrika karibu na kituo cha treni.

Siku ya tatu, Jumanne. Leipzig

Siku nzima kwenye jumba la makumbusho ya ala za muziki la chuo kikuu, ndani ya jengo la Grassi. Nilidhani nitatumia saa mbili. Walinitoa wakati wa kufunga.

Honi za zamani hazina vali. Ni bomba tupu lenye domo, ala ya wawindaji waliopanda farasi. Miaka ya 1680 hivi kabaila mmoja wa Bohemia, Franz Anton von Sporck, aliisikia Ufaransa, ikamwingia moyoni, akawaacha watumishi wake wawili huko wajifunze kuipiga kisha wairudishe kwao. Mwanzo mahususi kabisa wa honi huku Ulaya ya Kati, basi, ni watu wawili waliotumwa kwenda kuiga. Sikuweza kuacha kuwaza hilo mbele ya makabati. Nikakumbuka siwa zetu za pwani. Ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe za ndovu, mali tofauti kabisa, lakini umbo la moja linamtazama mwenzake. Fundi wa siwa naye aliona ya mwenziwe.

Katikati ya karne ya kumi na nane, huko Dresden, mpiga honi Anton Joseph Hampel aligundua namna ya kutumia mkono ndani ya domo kubadili noti, naye fundi Johann Werner akamtengenezea honi ambayo vipande vya bomba vinabadilishwa katikati ya mwili wake na siyo mdomoni, ili honi isirefuke mbali na mpigaji. Paris haikuchelewa. Karakana ya Raoux ikachukua wazo la Dresden, ikalisafisha, ikatoa honi ya wapigaji wa peke yao ambayo ilitamaniwa kote. Wafaransa waliwapa Wajerumani honi, Wajerumani wakairudisha ikiwa imeongezwa kitu, Wafaransa wakaongeza tena.

Kisha vali. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, kila mmoja akidai ndiye wa kwanza, walipata hataza moja, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa pamoja Prussia mwaka 1818, ya miaka kumi. Nimelisoma hilo mara tatu kwenye maandishi. Watu wawili wanagombania wazo moja na serikali inawafunga nira moja. Hataza yenyewe ilikuwa ya Prussia tu, Vienna hawakusubiri.

Jambo la mwisho la leo. Hapa Leipzig ndipo alipofundisha Friedrich Gumpert, mjomba wa yule Edmund. Mjomba alikuwa na wanafunzi, na mmoja wao, Anton Horner, akaenda kupiga Philadelphia na honi pacha mkononi. Mpwa wangu aliposikia "mjomba na mpwa" akanigusa bega, akatabasamu, hakusema kitu.

Siku ya nne, Jumatano. Markneukirchen

Treni hadi Adorf, halafu basi. Milima ya misunobari, mvua nyembamba, baridi ya Mei ambayo hata sisi wa mlimani tunaiheshimu. Wenyeji wanalipa eneo hili jina linalomaanisha kona ya muziki, na unaelewa ukishuka tu kwenye basi: karakana ya fidla, karakana ya upinde, karakana ya tromboni, bati moja mlangoni, nyumba baada ya nyumba. Chama cha mafundi fidla kilianza hapa mwaka 1677. Makumbusho yao ni ya mwaka 1883, na ndani yake kuna tuba kubwa kuliko mtu.

Kitu kilichonishika ni kidogo zaidi. Kumbe kati ya 1893 na 1916 Marekani ilikuwa na ofisi ya konseli katika mji huu mdogo, kwa sababu ya ala zilizokuwa zinasafirishwa kuvuka bahari. Mwongozaji wa makumbusho alitueleza kazi ilivyopangwa. Familia moja ilitengeneza vali tu. Nyingine madomo tu. Nyingine funguo, nyingine masanduku. Wafanyabiashara walikusanya, wakaunganishiwa, wakachonga jina la duka la mteja, liwe la London au la New York. Na nyingine zilitoka bila jina lolote, zikisubiri atakayeziandika.

Nilimwambia mpwa wangu amuulize tena hilo la mwisho. Akauliza. Ndiyo, bila jina lolote.

Siku ya tano, Alhamisi. Karakana

Mzee aliyetupokea ni fundi honi, mtoto wa fundi. Ameomba nisimtaje, nami namheshimu. Mikono yake ina alama nyeusi kwenye mikunjo ambayo sabuni haiitoi, ninayo hiyohiyo. Alinitazama mikono kabla ya uso, akasema neno ambalo mpwa wangu alilitafsiri "mwenzangu wa kazi".

Nilifungua sanduku. Nilitarajia atafute jina. Hakutafuta. Aligeuza honi akaangalia vali ya kidole gumba.

"Kruspe," alisema.

Moyo ulinipasuka. Lakini aliendelea. Vali hiyo imekaa juu, jirani na vali ya kwanza. Huo ndio mpango wa Kruspe wa kupitisha hewa. Kisha alichukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, akaipeleka kwenye koo la domo, mahali linapoanza kutanuka, akatikisa kichwa. Koo ni jembamba mno. Domo si la Kruspe. Kisha akafungua vifuniko vya vali kimoja kimoja, akaviinamisha kwenye taa. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na namba iliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano: 1, 2, 3. Miaka ishirini na zaidi nimevifungua vifuniko hivyo, nikavipaka mafuta, na mikwaruzo ile niliichukulia kuwa uchafu tu wa matumizi.

Namba zile ni za fundi vali, alieleza. Alikwaruza ili vifuniko visichanganyike mezani. Hakuwa mwenye honi. Alikaa nyumbani kwake, akatengeneza seti za vali kwa karakana nyingi, na seti hizo zikabeba mpango uleule kwenye honi za watu waliokuwa washindani. Mwenye domo naye alikuwa na kalibu yake, nguzo ya chuma yenye umbo la ndani ya domo, na madomo yote yaliyotoka kwenye nguzo ile yalikuwa ndugu, hata yakiuzwa chini ya majina kumi. Honi yetu, kwa maneno yake, ina akili ya Erfurt na koo la hapa kijijini.

Baadaye alileta honi nyingine mbili kutoka kwenye rafu, akazilaza kwenye blanketi kando ya yetu. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko siku zote zilizopita.

Ya kwanza ilikuwa Conn 8D, ya Kimarekani, imetumwa kurekebishwa. Nyeupe-kijivu, ya aloi ya shaba na nikeli na zinki, na domo kubwa ajabu. Anton Horner, yule mwanafunzi wa Gumpert, alikuwa ameagiza kwa Kruspe honi pana za aloi hiyo na kuwauzia Wamarekani wenzake, mpaka mtindo wenyewe ukaitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kiwanda cha Conn, huko Elkhart, Indiana, kikatoa 8D kwa kufuata mtindo huo. Ikaenea Marekani nzima. Ndiyo honi ya orkestra ya Cleveland, na kwa miaka mingi ndiyo iliyopiga muziki wa filamu za Los Angeles. Niliweka kidole kwenye vali ya gumba ya 8D, kisha kwenye ya kwetu. Mahali palepale.

"Mjomba, hizi ni ndugu," alisema mpwa wangu.

"Mama mmoja, baba mbalimbali," nilimjibu, na mzee alipotafsiriwa akacheka hadi akakohoa.

Ya pili ilikuwa mpya, ya njano, na vali ya gumba imehamia upande wa pili, baada ya vali ya tatu, zote nne karibu mstari mmoja. Mikunjo ni michache na mipana. Mpango huo unaitwa Geyer. Carl Geyer alikuwa Mjerumani aliyefika Chicago mwaka 1904 kufanya kazi kwa fundi Richard Wunderlich, akabaki huko maisha yake yote hadi alipofariki 1973. Mafundi wengi wa Marekani wanaotengeneza honi moja moja kwa mkono wamefuata njia yake. Sasa sikiliza mzunguko huu. Hapahapa Markneukirchen, kampuni ya Hans Hoyer inauza honi ya mpango wa Geyer na nyingine ya mpango wa Kruspe, na Yamaha huko Japani nayo inauza zote mbili. Wazo liliondoka Ujerumani ndani ya kichwa cha kijana mhamiaji, likakomaa Chicago, likarudi kuuzwa Ujerumani likiwa na jina lake.

Nilimuuliza mzee kama haoni huo ni wizi. Swali lilikuwa zito na nililiuliza kwa moyo mmoja, kwa sababu mimi mwenyewe ninataka kuiga na sitaki kuwa mwizi. Alifikiri kitambo. Alisema mpiga honi huingia na honi ya mtu mwingine kwapani, akasema: nitengenezee kama hii, lakini. Lakini noti hii ya juu iwe salama. Lakini isiwe nzito. Lakini gumba langu ni fupi. Kazi yote ya fundi, alisema, iko kwenye hilo "lakini". Kuna wanaonakili hata kosa, na hao hawadumu. Akanionyesha honi moja ambayo mtengenezaji wake aliiga mpaka kiraka cha ukarabati, akidhani ni sehemu ya mpango.

Nami naongeza langu. Kilicho nje kinaigika. Kisichoigika ni unene wa bati la domo, nusu milimita au pungufu, ambalo limegongwa kwa nyundo, likapashwa moto likalegea, likagongwa tena, na mwisho likakerezwa juu ya kalibu mpaka liimbe. Mzee aligonga domo la 8D kwa ukucha, kisha la kwetu. La kwanza lilijibu kwa kina. La kwetu lilijibu juu zaidi, na mlio wake ulikawia kufa.

Vali ya tatu ameitoa. Ataipaka shaba kwa umeme usiku kucha.

Siku ya sita, Ijumaa. Tupa na chuma

Nimeshinda nikipiga tupa. Mzee alinipa fito la chuma la kama nusu mita na karatasi yenye vipimo, akaniambia: ukitaka kutengeneza, anza na mrija wa kwanza, ule unaopokea pumzi kutoka kwenye kipulizio. Unaanza na milimita 8 hivi na kufika 12, unapanuka polepole sana, na upanukaji huo ndio unaoamua honi itakuitikia au itakugomea. Vipimo alivipata kwa kupitisha vijiti vya kupimia ndani ya mrija wa honi yetu wenyewe. Kwa hiyo ninaiga honi isiyo na jina.

Tupa huku, kalipa huku. Unapiga mara tano, unapima, unageuza. Nikizidisha sehemu moja, inabidi fito lote lishuke. Saa sita mchana mabega yaliwaka moto. Saa tisa mzee alipitisha kidole, macho amefumba, akasimama sehemu moja, karibu na theluthi ya kwanza. Pana kibonde. Mimi sikukihisi. Kalipa ilikihisi: sehemu ya kumi ya milimita.

Alasiri tulikata bati la shaba, jembamba upande mmoja na pana upande mwingine, tukalikunja kwenye fito, tukalehemu mshono. Halafu fito na bati vinavutwa pamoja kupitia pete ya risasi. Risasi ni laini, kwa hiyo tundu lake linatanuka kadiri mrija unavyonenepa na huku linaibana shaba ikumbatie chuma. Mrija wangu wa kwanza ulipasuka mshononi, mlio kama kijiti kikavu. Wa pili ulipita wote. Ulipochomoka kwenye pete ukiwa unang'aa na mviringo kamili, nilinyamaza, na mzee akaniachia nafasi ya kunyamaza.

Vali imerudi. Imesagwa upya kwa unga mwembamba kama wanja, kwa mkono, nusu zamu kwenda na nusu zamu kurudi. Nilipiga noti ya chini kabisa. Mvumo umekwisha.

Nilipotaka kulipa, alikubali bei ya vali. Ya kalibu, lile fito, alikataa. Alisema kalibu nimeitengeneza mimi.

Siku ya saba, Jumamosi. Kuvuka mpaka

Basi hadi Klingenthal, na treni ndogo inayovuka mpaka hadi Kraslice, Jamhuri ya Cheki. Zamani mji huu uliitwa Graslitz na ulikuwa wa mafundi wa ala za shaba, wengi wao wasemaji wa Kijerumani. Baada ya vita vya pili walifukuzwa. Wengine walifika Waldkraiburg, Bavaria, na mwaka 1946 wakaanzisha Miraphone, ambayo hadi leo inatengeneza ala. Waliobaki Kraslice waliunganishwa katika kiwanda cha Amati. Umbo moja la ala, basi, likaendelea pande mbili za mpaka uliofungwa, kwa mikono ambayo zamani ilikunywa maji ya mto mmoja.

Tulikaa saa mbili tu, mvua ikinyesha. Halafu Sokolov, Prague, na usiku wa manane Vienna.

Siku ya nane, Jumapili. Vienna

Makusanyo ya ala za zamani yamo ndani ya Neue Burg, kwenye uwanja wa Heldenplatz. Nilikuja kuona kitu kimoja: vali ya Vienna. Leopold Uhlmann aliipatia hataza mwaka 1830. Kila vali ni pistoni mbili zinazopanda na kushuka pamoja, zinasukumwa na vijiti virefu vinavyotoka mbali. Kwingine kote Ulaya honi zilibadilika, wapigaji wa orkestra ya Vienna Philharmonic wao wakaishika hiyo, na ile honi ya F ya bomba jembamba, milimita 10.8 hivi, mahali ambapo honi pacha hutumia kama 12. Ni ngumu kupiga, na wanaipenda kwa sababu noti moja inaingia kwenye nyingine bila kukatika.

Kuiga huku ni kwa aina nyingine kabisa. Hakuna "lakini". Mafundi wanatazama honi ya zamani na kujaribu kuifikia. Katika miaka ya 1970, honi hizo zilipokuwa zimechakaa na mafundi wake wamekuwa wachache, Vienna Philharmonic walishirikiana na Yamaha, na mafundi wa Japani wakazipima zile za zamani na kutengeneza mpya. Nilisimama mbele ya kabati nikimfikiria fundi huyo wa Japani akiwa na kalipa yake, mbali na kwao, akitafuta kibonde cha sehemu ya kumi ya milimita kilichoachwa na mtu aliyekufa zamani.

Kesho alfajiri narudi nyumbani. Tumekaa chumbani, honi kitandani, fito la chuma limeviringishwa kwenye kitenge katikati ya nguo za begi kubwa ili wa uwanja wa ndege wasilichukue. Mrija wangu wa pili uko mezani. Mpwa wangu ameuokota, ameuzungusha kwenye taa.

"Mjomba, utauandika jina gani? La kanisa au lako?"

Niliomba sindano kwenye kile kiboksi cha kushonea cha hoteli. Nikaingiza ncha ndani ya ukingo wa upande mpana, mahali ambapo ukishalehemewa hapaonekani tena, nikakwaruza: 1.

Fito bado lina nafasi ya mirija mingi. Vijana watatu wa kwaya wanajua kulehemu, na mmoja wao gumba lake ni fupi.